Kuchora pori la miombo jekundu kwa akriliki: kutoka skechi ya kiganjani hadi kanvasi ya sentimita 90

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba, basi linalotoka Dar es Salaam kwenda Morogoro hupita katikati ya rangi ambazo wachoraji wengi wa mjini huzitafuta kwenye kalenda za Ulaya na Kanada. Ukifika msitu wa Kitulangalo, miombo na mitondoro iliyopukutisha majani wakati wa kiangazi inachipua upya, na machipukizi hayo hayaanzi na kijani. Yanatoka damu ya mzee, shaba, pinki, chungwa, na baada ya muda ndipo yanageuka kijani, mara nyingi mvua za vuli hazijaanza hata kunyesha. Ni mandhari kamili ya majani mekundu, na haihitaji pasipoti.

Mwongozo huu ni wa kuichora mandhari hiyo kwa akriliki kwenye kanvasi ya sentimita 90 kwa 60, ukianzia kwenye skechi ya sentimita 15 kwa 10. Kama mteja amekuletea oda ya msitu wa Ulaya, njia ni hiihii, isipokuwa sehemu moja nitakayoitaja.

Kuna jambo moja linaloharibu picha nyingi za aina hii, na nalisema mapema: skechi ndiyo inayoamua. Picha za simu piga nyingi upendavyo, zitakuonyesha tawi limejikunja vipi na gome limepasuka wapi. Lakini mwanga uko wapi, giza liko wapi na jicho la mtazamaji liende wapi, hayo yaachie skechi. Kamera ikipima anga inayatia weusi majani yaliyo kivulini. Ikipima majani inaliunguza anga. Na mbaya zaidi, inalipa kila jani uzito uleule. Mchoraji anayenakili simu jani kwa jani anaishia na zulia la vitone vyekundu lisilo na mahali pa kutua.

Skechi ipangwe ikijua itakuwa kubwa

Chora kisanduku kwanza. Kabla hujagusa mti wowote, pima kwenye daftari mstatili wa sentimita 15 kwa 10, maana uwiano huo wa 3 kwa 2 ndio uleule wa kanvasi yako. Ukijaza ukurasa mzima wa A5 halafu ukataka kuuhamishia kwenye kanvasi ya 90 kwa 60, itabidi ukate upande mmoja, na kinachokatwa huwa ni ile nafasi iliyokuwa inaifanya miti ipumue.

Nenda asubuhi, saa moja hadi saa tatu, au jioni kuanzia saa kumi. Mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri kwa latitudo yetu liko karibu utosini kabisa; kivuli cha mti kinajikusanya kwenye shina lake, na vichwa vya miti vinaonekana bapa. Kwenye oda ya Ulaya ni kinyume chake: huko Oktoba jua linapita chini hata mchana, kwa hiyo vivuli ni virefu kutwa nzima. Ukiweka kivuli cha kwetu cha saa sita chini ya mti wa Ulaya, picha inakosa ukweli hata kama rangi zote umezipata.

Tumia penseli laini, 4B inatosha, na usichore majani. Chora matungamo, yaani maumbo makubwa ya picha: anga, mstari wa milima, ukuta wa miti ya mbali, mti mkuu mmoja au miwili ya karibu, ardhi. Kisha gawa mwanga na giza katika ngazi tano, 1 penye mwanga zaidi na 5 penye giza zaidi, na uandike namba ndani ya kila tungamo. Kwa asubuhi ya kawaida ya Kitulangalo, anga ni 1, milima 2, nyasi kavu zilizopigwa na jua 2, vichwa vya miti upande wa jua 3, upande wa kivuli 4, na mashina ya karibu pamoja na uvungu wa vichaka 5.

Angalia hapo kwenye namba 3, maana ndipo wengi wanapopotea. Jekundu na chungwa vinadanganya. Vinalikamata jicho haraka hivyo tunadhani ni vyeupevyeupe, kumbe kwa mwanga na giza viko katikati, vizito kuliko anga na kuliko nyasi kavu. Finya macho hadi rangi zififie na utaliona hilo wazi: mti uliokuwa unawaka unageuka kuwa doa la kijivu cha kati mbele ya anga jeupe. Ukiuchora kwa mwanga wa anga, hautasimama.

Pembeni mwa skechi andika kwa maneno yako: "saa mbili kasoro, jua kushoto, milima ina moshi, kivuli cha nyasi kina zambarau". Maneno hayo yatakufaa kuliko picha kumi za simu. Kurasa nyingine zijaze vipande: jinsi tawi la myombo linavyoachana na shina, gome, kichuguu, alama za moto kwenye nyasi, magunia ya mkaa yaliyopangwa kando ya barabara.

Kama huwezi kusafiri

Dar ina mikungu kila mahali, kwenye viwanja vya shule, kando ya barabara, ufukweni. Majani yake hugeuka mekundu kabla ya kudondoka, na ni mwalimu mzuri wa kuchanganya rangi. Okota moja lililodondoka leo, lilaze mezani karibu na dirisha, ulitazame kwa subira. Uso wa juu ni mwekundu, lakini kandokando ya mshipa mkuu mara nyingi kumebaki njano inayokwenda kwenye kijani. Kuna madoa ya kahawia karibu weusi. Ligeuze: upande wa chini umepauka, una vumbi la chungwa. Linyanyue sasa mbele ya dirisha, mwanga upite ndani yake, na jani hilohilo lililokuwa zito mezani linawaka.

Changanya rangi, weka tone dogo juu ya jani lenyewe. Tone likionekana, bado. Likipotea kabisa ndani ya jani, umelipata. Fanya hivyo kwa sehemu nne za jani moja, uzipake kwenye kadi na uandike umechanganya nini. Kadi hiyo itakaa ukutani kwako muda wote wa kazi.

Vifaa

Usinunue rangi kwa jina tu. Soma namba ya pigmenti iliyoandikwa nyuma ya tyubu, kwa kuwa majina yanabadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda. Kwa picha hii zinatosha nane: nyeupe ya titani (PW6), buluu ya ultramarini (PB29), njano ya hansa (PY74), oka ya njano (PY42 au PY43), nyekundu ya piroli (PR254), nyekundu-zambarau ya kwinakridoni (PV19), siena iliyochomwa na amba iliyochomwa. Hizi mbili za mwisho mara nyingi zina namba moja, PBr7, kwa hiyo hapo tazama na rangi yenyewe: siena inaelekea kwenye kutu, amba inaelekea kwenye kahawa. Tyubu isiyo na namba yoyote iache, maana hujui kama baada ya miaka miwili ukutani itakuwa imepauka. Nyeusi huihitaji. Ultramarini na amba iliyochomwa zinatoa giza zito la kutosha, tena unaweza kulivuta kwenye ubaridi au kwenye joto.

Brashi: moja pana ya inchi mbili, bapa mbili za kati, moja ya duara, moja ndefu nyembamba ya mistari, na moja kuukuu iliyotawanyika nywele. Hiyo kuukuu usiitupe, ndiyo itakayofanya majani. Ongeza kipande cha sponji ya godoro, mswaki wa zamani, chupa ya kunyunyizia maji, na kopo la midiamu ya akriliki, yaani gundi ya akriliki isiyotiwa rangi.

Kanvasi unaweza kununua iliyokwisha kuwambwa, lakini ya kuwamba mwenyewe haina ugumu. Amerikani nzito isiyopaushwa inapatikana kwenye maduka ya vitambaa Kariakoo, na fundi seremala yeyote atakutengenezea fremu ya mbao kavu. Mwambie akwangue ukingo wa ndani wa mbao kidogo, ili kitambaa kisiguse mbao isipokuwa pembeni. Vinginevyo ukipaka rangi mstari wa fremu utajitokeza. Kabla ya kuwamba, pima mishazari yote miwili. Kwa fremu ya 90 kwa 60 kila mshazari uwe sentimita 108 na kidogo, na yote miwili ilingane. Anza kupiga pini katikati ya kila upande, ukienda kwenye pembe huku ukivuta.

Jeso, yaani rangi nyeupe ya kuandalia kitambaa, paka mikono mitatu, wa kwanza kwenda kulia, wa pili kwenda chini, kila mmoja ukauke na upigwe msasa laini. Rangi ya maji ya ukutani inatumika badala ya jeso kwa mazoezi. Kwa kazi ya kuuza siishauri: ina chokaa nyingi na gundi chache, kwa hiyo ukija kukunja au kukaza kitambaa huwa inapasuka.

Hapa Dar kuna onyo la pekee. Wachoraji wetu wengi wamelelewa na mtindo wa Tingatinga, ambao tangu mwanzo umetumia rangi za mafuta zinazong'aa, na kuna hadibodi na vitambaa vinauzwa vikiwa vimeshapakwa rangi hiyo. Akriliki juu ya rangi ya mafuta inayong'aa haishiki; itabanduka kama gamba. Ukiwa na bodi ya aina hiyo, geuza upande wa pili uanze upya.

Skechi ya rangi

Kabla ya kanvasi kubwa, chukua kadi ya sentimita 15 kwa 10 na uchore picha nzima kwa rangi, kwa brashi ya kati tu, kwa muda usiozidi saa moja. Hutaki uzuri hapa. Unataka kujua kama nyekundu ya mti mkuu inasimama mbele ya buluu ya milima, na kama ardhi haishindani na miti. Kosa la rangi kwenye kadi linakugharimu tone moja; kwenye kanvasi linakugharimu tyubu nzima.

Kukuza kwa miraba

Weka karatasi ya plastiki angavu juu ya skechi ili usiichafue, na uchore juu yake miraba ya sentimita 2.5. Utapata sita kwa upana na minne kwa kimo. Kwenye kanvasi chora miraba ya sentimita 15, nayo ni sita kwa minne. Andika namba juu, herufi pembeni, kote kuwili.

Kwa mistari ya kanvasi tumia penseli ya rangi ya kahawia au chaki, uiguse kidogo tu. Penseli ya kawaida inachanganyika na rangi na kuonekana chini ya njano nyembamba. Kisha hamisha mchoro mraba kwa mraba, ukiuliza kila mara: mstari huu unaingia mraba B3 wapi, unatokea wapi? Anza na mstari wa milima, halafu shina la mti mkuu, halafu mipaka ya matungamo. Ukimaliza, pitia mistari muhimu kwa amba iliyotiwa maji, na miraba uifute.

Sasa rudi nyuma hatua nne utazame. Kila sentimita moja ya mraba ya skechi imekuwa sentimita 36 za mraba. Eneo la nyasi lililokuwa limetosha kwa mikwaruzo mitatu ya penseli sasa ni uwanja mtupu. Hofu ya uwanja huo ndiyo inayowafanya watu wakimbilie simu na kuanza kuujaza vitu. Usiujaze. Kama skechi ilikuwa imetulia hapo, kanvasi nayo itulie; tofauti za rangi ndani ya ngazi ileile ya mwanga zitatosha kuifanya nafasi hiyo iwe hai.

Rangi ya kwanza chini

Funika kanvasi yote kwa siena iliyochomwa iliyochanganywa na maji na midiamu kidogo, nyembamba kiasi cha mchoro kuonekana. Kwa picha ya majani mekundu siena inakufanyia kazi mara mbili: popote brashi itakapoacha mwanya kwenye majani, kinachoonekana ni joto, na buluu ya anga ikiwekwa juu yake inang'aa kwa sababu ya ukinzani wa rangi hizo mbili. Iache ikauke kabisa.

Kuishi na hali ya hewa ya Dar

Akriliki inakauka kwa maji kuondoka na chembe za plastiki kushikana, na ikishashikana hairudi nyuma. Kwenye chumba chenye joto na feni ya dari inayozunguka, tone la paleti linaota ngozi ndani ya dakika chache. Zima feni unapochora anga, au igeuze isielekee kanvasi na paleti. Tengeneza paleti yenye unyevu: trei bapa, kitambaa kilichoroweshwa na kukamuliwa, juu yake karatasi ya kuokea keki, rangi ziwe juu ya karatasi. Ukiifunika usiku, asubuhi rangi bado ni laini. Wakati wa masika shida inageuka: hewa imejaa maji na tabaka linachelewa kukauka, na ukipaka juu yake upesi unalivua la chini. Liguse kwa nyuma ya kidole. Likiwa la baridi, bado lina maji.

Jambo lingine: akriliki inakuwa nzito zaidi ikikauka, kwa kuwa gundi yake ni ya maziwa ikiwa mbichi na angavu ikikauka. Kwa hiyo changanya rangi iwe nyeupe kidogo kuliko unavyotaka, upake kwenye kadi, isubiri ikauke, ndipo uamue.

Matungamo, kutoka mbali kuja karibu

Kipindi cha kwanza kwenye kanvasi ni cha brashi pana peke yake. Paka kila tungamo kwa rangi moja ya wastani kufuatana na namba za skechi. Usiguse undani. Ukimaliza, piga picha kwa simu na uigeuze nyeusi na nyeupe, uiweke kando ya skechi. Hapa simu inakuwa msaidizi wa kweli. Zisipolingana, rekebisha sasa hivi, kabla hujalipenda eneo lolote.

Anga lifanye kwa awamu. Lowesha eneo kwa chupa ya kunyunyizia, weka juu ultramarini na nyeupe, ukishuka ongeza nyeupe, na karibu na upeo weka oka kidogo sana, maana kiangazi hewa ya huko ina vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Vuta brashi pana kwenda kulia na kushoto bila kuchoka hadi mipaka iyeyuke. Ikianza kunata, acha. Iache ikauke na urudie tena. Tabaka la pili huwa ndilo linalolainika.

Milima ya mbali changanya ultramarini, nyeupe na siena kidogo. Siena ndiyo inayoizuia isiwe buluu ya plastiki. Chini ya milima, pale inapokutana na miti, ongeza nyeupe kidogo: ukungu na moshi vinakaa bondeni. Ukuta wa miti ya mbali uweke wa kijivu chenye pinki, usiwe mwekundu. Mti wa mbali ukiwa mwekundu kama wa karibu, picha nzima inakuwa ukuta mmoja.

Majani

Hapa ndipo penye kazi ya siku nyingi, na utaratibu wake ni giza kwanza, mwanga baadaye.

Giza la ndani: kwinakridoni, amba na ultramarini kidogo, itoke damu ya mzee iliyoiva. Chukua brashi kuukuu, uipige kwenye paleti hadi nywele zitawanyike, kisha uguse kanvasi kwa ncha, ukiizungusha mkononi kila mara ili alama zisijirudie. Fuata umbo la kichwa cha mti. Myombo haufanani na mwembe: kichwa chake si duara, kinatandaza matabaka bapa yanayoachana, na katikati yake anga linapita. Chora matabaka hayo kama umbo, kila moja na tumbo lake la kivuli.

Rangi ya kati: siena na piroli kidogo. Iweke juu ya giza ukiacha giza lionekane kwa theluthi hivi. Hapa sponji ya godoro inafaa. Ichane kwa vidole isiwe na kingo zilizonyooka, ilowe, ikamue, uguse. Sponji peke yake hata hivyo inatoa alama za mashine, kwa hiyo ipitie kwa brashi.

Mwanga: usikimbilie nyeupe. Nyeupe ndani ya chungwa inaleta pinki ya chaki, na mti unaonekana umepakwa poda. Nyanyua kwanza kwa njano ya hansa, halafu kwa oka, na nyeupe iwe ya mwisho kabisa, kwa majani machache yaliyopigwa na jua usoni. Kwa majani ambayo jua liko nyuma yake fanya hivi: paka umbo lake kwa njano na nyeupe, likauke kabisa, kisha lifunike kwa tabaka jembamba la siena au kwinakridoni ndani ya midiamu. Mwanga utapita kwenye tabaka, utagonga njano na kurudi. Ni jani lile la mkungu dirishani, na hakuna mchanganyiko wa moja kwa moja utakaokupa mng'ao huo. Tumia midiamu halisi. Gundi ya mbao wengine wanaijaribu kwa sababu ni rahisi, lakini inageuka njano.

Acha kijani kidogo. Kuna miti jirani iliyokwisha kugeuka, na vichaka visivyopukutisha. Kijani cha ugoro, yaani ultramarini, hansa na siena, kikiwekwa kando ya nyekundu kinaifanya nyekundu ipige kelele bila wewe kuongeza tyubu.

Matundu ya anga yafanye mwishoni. Rangi yake iwe nzito kidogo kuliko anga lenyewe, maana mwanga unaopita kwenye tundu dogo hupungua. Machache, ya ukubwa tofauti, mengi yawe pembezoni mwa kichwa cha mti.

Mashina na matawi

Mashina ya miombo ni ya kijivu kuliko kahawia. Upande wa kivuli weka ultramarini na amba, upande wa jua oka na nyeupe na tone la zambarau, na katikati rangi ya tatu inayoyaunganisha. Vijitawi fanya kwa brashi ya mistari na rangi iliyolegezwa hadi iwe kama wino. Anza kwenye shina, punguza mkandamizo ukienda nje, na katiza: tawi liingie nyuma ya majani, litokeze upande wa pili. Tawi linaloonekana lote mwanzo hadi mwisho ni la mti mkavu.

Ardhi na mti mkuu

Nyasi kavu ni oka na nyeupe, zikipunguzwa makali kwa zambarau kidogo. Paka kwa mikono ya mlalo, mipana karibu nawe, myembamba ukienda mbali. Kivuli cha miti juu ya nyasi hizo kina zambarau, kisiwe kijivu kitupu. Mahali moto ulipopita weka giza lenye buluu, na vumbi jekundu la njia liwe la siena na nyeupe.

Undani wote mwingine uupeleke sehemu moja. Chagua shina la mti mkuu na kichuguu kilicho chini yake, na hapo ndipo uchore nyufa za gome, jani mojamoja, mizizi, vitone vya mwanga ardhini. Ukienda nje ya hapo, undani upungue, hadi pembe za kanvasi ziwe matungamo tu. Ukitaka mtu, basi mmoja, mbali kidogo, pengine anayesukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa. Barabara ile inawajua. Kimo chake kikague kwa skechi, kwa sababu mtu mdogo anaamua ukubwa wa kila mti unaomzunguka.

Kwa majani yaliyotawanyika chini, chovya mswaki kwenye rangi nyembamba na urushe kwa kidole gumba, ukiwa umefunika anga na milima kwa magazeti. Mara moja au mbili, basi.

Kukagua

Geuza kanvasi juu chini. Itazame kwenye kioo. Itoe nje kibarazani uitazame kwa umbali wa chumba kizima. Kila njia inakuonyesha kitu jicho lililozoea limekificha: mti unaoinama, mistari miwili inayofanana, doa linalovuta jicho pasipostahili. Weka skechi pembeni kwa mara ya mwisho. Penye tofauti, jiulize kama umeboresha au umepotea njia. Ukikuta unaongeza majani kwa sababu mkono unapenda kuongeza, osha brashi.

Brashi zifute kwa kitambaa kwanza, ndipo uzioshe kwa sabuni ya kipande hadi povu litoke jeupe. Maji machafu yaache yatuame usiku kucha. Mashapo ya chini yatupe kwenye taka, kwa sababu ni plastiki na yanaziba bomba.

Vanishi na usafirishaji

Acha picha wiki mbili. Paka mkono mmoja wa midiamu laini iliyozimuliwa kidogo, ikauke, ndipo vanishi ya akriliki kwa mikono miwili myembamba, kanvasi ikiwa imelazwa. Chagua siku kavu. Vanishi ikipakwa wakati wa mvua inaweza kuingia ukungu mweupe. Vanishi ya samani usiitumie, inageuka njano na haitoki.

Kwa joto la hapa, akriliki hata ikikauka inalainika na kunata. Usizipange picha mbili zikitazamana, na usizungushie plastiki ya mapovu moja kwa moja juu ya rangi, maana alama za mapovu zitabaki. Weka karatasi ya kuokea kwanza, halafu plastiki, halafu boksi. Picha isikae kwenye buti la gari lililoegeshwa juani. Ukilazimika kuivua kwenye fremu na kuikunja ili isafiri, rangi iwe nje, kwenye bomba nene lisilopungua sentimita 15 kwa kipenyo. Na mteja anayeishi karibu na bahari mshauri abandike vipande vidogo vya kizibo nyuma ya pembe za fremu, hewa ipite kati ya kanvasi na ukuta, kuvu isipate pa kukaa.